Maganda Yaachwe Pale Pale

Mwalimu Mkuu wetu alikuwa na baiskeli ambayo hakuna mtoto aliyewahi kumwona ameipanda. Aliisukuma. Aliisukuma kupanda mlima kutoka Karatu mjini hadi shuleni, na hilo lilieleweka. Aliisukuma pia kuteremka, na hilo halikueleweka hata kidogo. Alipoulizwa, alijibu kwamba breki ya nyuma haishiki, na mtu mwenye dhamana ya watoto mia tatu hana ruhusa ya kufa kwa ajili ya uvivu wa miguu. Baba yangu, ambaye alikuwa akimpita njiani na punda wake aliyebeba ngano, alisema yule bwana hana baiskeli, ana mke wa pili, kwa kuwa kila anakokwenda ni lazima amshike mkono.

Namwita Mwalimu Mkuu kwa sababu hakuna aliyemwita vingine. Hata mkewe alisimama mlangoni mwa jiko akapaza sauti, "Mwalimu Mkuu, uji unapoa!" Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti moja zito la kuzuia baridi ya kule kwetu, ambalo lilikuwa na chaki katika kila mfuko. Shingoni alivaa ufunguo kwa kamba ya katani. Ulikuwa ufunguo wa tangi la shule, lile lililokinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati. Shule ilikuwa juu ya mji, upande wa msitu, mahali ambapo magari ya watalii waliokwenda Kreta, lile bonde la Ngorongoro, yalituachia vumbi jekundu na kutupungia mkono. Visima vilikuwa mbali. Lile tangi ndilo lilikuwa benki yetu, na yeye alilinda benki.

Alichapa. Siwezi kuandika habari zake nikaliruka hilo. Alichapa bila hasira, kwa hesabu, akitaja kosa kabla na idadi baada, na ukishachapwa ulitakiwa kuinama kidogo na kusema, "Asante, Mwalimu." Usiposema, ulihesabiwa hujaelewa, na somo lilirudiwa. Tulijifunza kushukuru haraka sana.

Alipenda methali kuliko alivyozijua. Siku moja alituambia samaki mkunje angali mbichi. Sasa sisi watoto wa Kiiraqw tulikuwa hatuli samaki, na wengi wetu tulikuwa hatujamwona hata kwenye picha. Mvulana mmoja akauliza kwa adabu, "Mwalimu, kwani samaki hukunjwa ili iweje?" Mwalimu Mkuu, ambaye naye alizaliwa mbali na samaki kama sisi, alitazama dirishani kwa muda mrefu. "Ili aenee kwenye sufuria," akasema. Tukaandika hivyo kwenye madaftari.

Lakini kitu kilichomtofautisha na walimu wote niliowahi kuwajua, nami nimekuwa mmoja wao, ni Kesi za Ijumaa. Kipindi cha mwisho cha wiki alitoa kesi, akakaa nyuma kabisa kama mwanafunzi mtoro, na darasa likahukumu. Hukumu ilitekelezwa kama ilivyotolewa, hata iwe ya kipuuzi namna gani. "Hukumu ni hukumu," alisema. Nadhani alitaka tuonje sheria tulizozipika wenyewe.

Tulipokuwa Darasa la Tatu, mbuzi wa bibi mmoja jirani wa shule aliingia ofisini akala daftari la mahudhurio, kuanzia Januari hadi katikati ya Machi. Kesi ikaletwa kwetu. Tulijadiliana kwa ukali mkubwa, tukahukumu mbuzi achapwe viboko vinne, tukingoja Mwalimu Mkuu acheke. Hakucheka. Mbuzi aliletwa, kosa likatajwa, akachapwa vinne vya taratibu. Kisha Mwalimu Mkuu akasimama, akangoja. Mbuzi akalia, "Mee." Mwalimu akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika, akaandika kwamba mshtakiwa ameshukuru.

Kabla kengele haijalia, bibi mwenye mbuzi alikuwa amefika na fimbo yake.

"Saita, Mwalimu," akasalimu kwa Kiiraqw. "Nasikia umemwadhibu mbuzi wangu."

"Ni kweli, Bibi. Amekula daftari la serikali."

"Mlango wa ofisi ulifungwa na nani?"

Mwalimu Mkuu alikohoa. "Haukufungwa, Bibi."

"Basi mbuzi alifanya kazi ya mbuzi. Wewe uliyepaswa kufunga mlango ulikuwa unafanya kazi ya nani?"

Tulidhani ardhi itapasuka. Badala yake alitugeukia huku uso wake umeng'aa, kama mtu aliyeokota kitu cha thamani. "Mmemsikia Bibi? Mbona ninyi hamkuuliza habari za mlango?" Wiki nzima iliyofuata, mtu akishtakiwa kwa lolote, hata kupiga chafya, tuliuliza kwanza habari za mlango.

Makosa yake madogo aliyatubu hadharani, na nadhani alifurahia. Ile miaka sukari ilipokuwa ya kutafutwa kama dawa, alituhubiria kwamba foleni ni ustaarabu. Siku sukari ilipofika duka la kijiji, watu walikuta kwenye foleni jiwe lenye jina lake kwa chaki, la nne kutoka dirishani, na yeye mwenyewe yuko nyumbani anapata uji. Alijileta mwenyewe kwenye Kesi ya Ijumaa: je, jiwe laweza kupanga foleni? Darasa la Saba lilihukumu kwamba jiwe lapaswa kunywa chai yenye sukari na mwenye jiwe anywe kavu kwa wiki moja. Alikubali, akanywa chai yake kavu mbele ya madirisha yetu, amekunja uso kama mfia dini. Mkewe alitutobolea siri baadaye kwamba ilikuwa na asali.

Na kulikuwa na swali lake la kila mwaka. Alilipeleka kila darasa, maneno yale yale: mtu yuko safarini, ana njaa, amepita kwenye shamba la mahindi, mwenyewe hayupo. Je, avunje hindi au asivunje?

Darasa la Kwanza walijibu kwa sauti moja, "Asivunje, atachapwa!" Akawauliza, "Na kama hakuna wa kumwona?" Wakafikiri. Mmoja akasema, "Basi avunje mawili." Darasa la Tatu walisema avunje kama shamba ni la mjomba wake, au kama mwenye shamba naye aliwahi kula kwao. Darasa la Tano walisema asivunje, maana watu watamwita mwizi na dada zake hawataolewa. La Sita walisema ni lazima kwanza apate kibali cha mwenyekiti wa kijiji, na wakabishana kama kibali hicho kiwe na muhuri. Yeye aliandika yote. Ukimwomba jibu, alisema, "Utalipata ukifika la saba." Ukifika la saba ukamdai, alikushangaa. "Mtu mzima kama wewe unaniuliza mimi?"

Mimi nilijibu swali hilo nikiwa Darasa la Tano, na ndilo lililoniponza. Nilisimama nikasema, "Avunje moja. Ale pale pale, asibebe. Na maganda ayaache pale pale, juu, asiyafukie, ili mwenye shamba akija ajue alipita mtu mwenye njaa, si mwizi."

Mwalimu Mkuu alitoka kule nyuma akaja hadi dawati langu. Alinipa chaki nzima, ambayo haijavunjwa, wakati ambapo walimu wenyewe walikuwa wakiandikia vipande vya kubana kwa kucha. Jumatatu iliyofuata akanitangaza kiranja wa maji. Sikumwambia kwamba maneno yale yalikuwa ya bibi yangu na kwamba mimi sikufikiri lolote, nilikariri.

Ukame ulikuja mwaka uliofuata. Huko Ngorongoro kwenyewe kulima kulikuwa kumeshakatazwa, kwa hiyo wafugaji wa Endulen waliteremka na ng'ombe kwenye mnada wa Karatu ili warudi na mahindi. Jumamosi moja nilikuwa zamu ya kulinda shamba la shule dhidi ya nyani. Mwalimu Mkuu alikuwa ameondoka alfajiri kwenda mkutanoni Mbulu, mbio mbio, baada ya kukinga ndoo yake ya maji. Walimu wengine walikuwa mashambani kwao. Nilikaa kwenye kivuli cha tangi na manati yangu.

Akaja Mmasai mmoja wa makamo na ng'ombe watatu na ndama. Aliniwekea kiganja kichwani, kama wanavyowasalimu watoto, nami nikainama.

"Mtoto wangu, nisaidie maji. Hawa wakubwa watafika. Huyu mdogo hajanywa tangu jana."

"Ufunguo anao Mwalimu Mkuu."

"Yuko wapi?"

"Mbulu."

Alilitazama tangi. Alikuwa na sime kiunoni, na kufuli lile angelivunja kwa pigo moja. Hakuligusa. "Kwetu maji yana mwenyewe," akasema, "na mgeni huomba. Leo wewe ndiye umekaa hapa, kwa hiyo mwenyewe ni wewe. Ukisema tuvunje, nitavunja na nitalipa. Unasemaje?"

Nilisema hapana. Akaniuliza tena, taratibu, nikasema hapana. Alinishukuru! Akambeba ndama mabegani akateremka. Kutoka pale juu nilimwona akifika kwenye kona, akamtua, akangoja ainuke. Alingoja sana. Kisha akafuata ng'ombe wake peke yake. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilijua nilichokiona, lakini nilijiambia ndama amelala.

Jumatatu nilikwenda ofisini nikasimama wima. "Mwalimu, hakuna aliyegusa maji." Nikamweleza yote, hata ndama, nikingoja chaki ya pili.

"Kwa nini hukumwambia avunje?" akauliza.

"Ungenichapa, Mwalimu."

Nilimwona akikaa. Sikuwahi kumwona akikaa mbele ya mwanafunzi aliyesimama. Kisha alitoka akaenda kwenye tangi, akasimama akilitazama lile kufuli, ametugeuzia mgongo, hadi kengele ikapigwa na mtu mwingine. Aliporudi alisema tu, "Kuanzia leo kiranja wa maji atakuwa mwingine." Hakusema kosa. Mtu aliyetaja kosa hata kwa mbuzi hakunitajia mimi. Na Ijumaa ile hapakuwa na kesi. Alisema kuna mkaguzi anakuja. Hakuja mkaguzi.

Niliumia, naandika wazi. Nililia nyuma ya choo cha shule kwa siku kadhaa, nikijua kwamba nimeua ndama na kwamba mtu niliyetaka anione mwema ameniona nilivyo. Nilimaliza shule bila kuthubutu kumuuliza. Mwaka wangu wa mwisho nilimwona mnadani akisukuma baiskeli, na yule yule Mmasai akampigia kelele kutoka upande wa pili, "Paashe!" Mwalimu Mkuu naye akajibu, "Paashe!" Wakakumbatiana huku baiskeli ikianguka. Nilijificha nyuma ya wauza mitumba. Nilijiambia hao wameshasameheana, amebaki mtu mmoja tu asiyesamehewa.

Niliporudi shuleni pale, nilikuwa mwalimu wa Darasa la Kwanza, cheti mkononi na viatu vinavyobana. Yeye alikuwa amestaafu, lakini alikuwa hajui namna ya kustaafu. Kila asubuhi alisimama nje ya ua akikagua paredi, na mtoto asiyechana nywele alikoholewa kutoka ng'ambo ya ua. Aliniamkia kwa heshima, "Habari za asubuhi, Mwalimu," nami nilijibu nikitazama chini. Tuliishi hivyo karibu mwaka mzima, tukisalimiana kama watu wanaodaiana mbuzi.

Tulikuwa na mwalimu mwenzetu aliyezaliwa Endulen. Siku moja wakati wa chai nilimuuliza, kama mzaha, Paashe maana yake nini.

"Si jina," akasema. "Ukimpa mtu ndama, kuanzia siku hiyo ninyi wawili mnaitana hivyo. Hadi kufa."

Niliweka kikombe chini. Jioni ile nilikwenda kwake.

Alikuwa kwenye kishamba cha nyuma ya nyumba, akitazama mahindi kwa jicho la mkaguzi. Ufunguo ulikuwa bado shingoni, ingawa shule ilishavutiwa bomba na tangi lilikuwa limetoboka kwa kutu.

"Mwalimu Mkuu," nikasema, "ulimpa yule Mmasai ndama."

Alikaa kwenye kigogo kama alivyokaa siku ile ofisini. "Nilimtafuta hadi Endulen. Nilikwenda kwa miguu, nikisukuma baiskeli njia yote hiyo, na ndama amefungwa kwenye kiti. Watalii walitupiga picha."

"Kwa nini? Kosa lilikuwa langu."

"Kaa kwanza."

Nikakaa.

"Mwalimu," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "lile kufuli halikuwa limefungwa."

Sikuelewa.

"Alfajiri ile nilikuwa na haraka ya gari la Mbulu. Nililining'iniza tu, sikulibana. Nililiona Jumatatu, nikaligusa, likafunguka mkononi. Ungelivuta kwa kidole kimoja lingefunguka. Lakini wewe hukuligusa, na yule mgeni hakuligusa, kwa sababu yeye alikuwa na adabu na wewe ulikuwa na mimi." Alijifuta uso kwa mkono wa koti. "Nilikupa chaki kwa maneno, kumbe kwa miaka sita nilikuwa nimekufundisha kitu kimoja tu, kuniogopa."

"Na kiranja? Uliniondoa kwa nini?"

"Kila ambapo ningekuona karibu na tangi ningejiona mimi. Kwa hiyo nikakuondoa wewe. Mmasai ni mtu mzima, nilimlipa kama mtu mzima anavyomlipa mwenzake. Wewe nilisema ni mtoto, utasahau." Akaushika ufunguo shingoni. "Jiwe la sukari nililipeleka kwenye kesi mwenyewe, unakumbuka? Hili sikulipeleka. Nilikula hindi nikafukia maganda."

Ningependa kuandika kwamba nilimsamehe palepale. Kwanza nilikasirika hadi masikio yakawaka moto. Nilimkumbuka yule binti niliyekuwa, akilia nyuma ya choo, nikataka kumwita huyu mzee kila jina ninalolijua kwa Kiswahili na mengine kwa Kiiraqw. Yeye alingoja. Kisha akasema kile ambacho nadhani alikuwa akikisubiri nje ya ua mwaka mzima:

"Leo ni Ijumaa. Nihukumu."

Nilifikiri kwa muda. Safari hii sikukariri.

"Maganda yafukuliwe," nikasema. "Yarudishwe pale pale. Jumatatu, kwenye paredi, mbele ya watoto wote."

Mzee yule ambaye hakuwahi kuogopa mkaguzi wala afisa elimu alipauka. "Hata Darasa la Kwanza?"

"Hao ndio hasa."

"Hao hawana huruma, Mwalimu."

"Hukumu ni hukumu."

Jumatatu palikuwa na ukungu. Alikuja na koti lake, baiskeli akaiegemeza kwenye ua, akasimama mbele ya mistari. Alisimulia yote, bila asali: haraka, kufuli, mgeni, ndama, na binti aliyeachiwa kosa lisilo lake. Alipofika hapo alinionyesha kwa kidole. Watoto mia nne walinigeukia, nami sikutazama chini.

Kisha mkono mdogo ukanyooshwa kwenye mstari wangu, na mtoto wangu mmoja wa Darasa la Kwanza, kamasi zikimtiririka, akauliza alichopaswa kuuliza mtu wa darasa lake.

"Sasa nani atakuchapa?"

Shule nzima ikaangua kicheko. Mwalimu Mkuu aliwangoja watulie. Nilidhani atamwambia jibu utalipata ukifika la saba. Badala yake alipiga hatua tatu hadi mbele yangu, akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, kama sisi tulivyokuwa tukiinyoosha kwake.

Sikuwa na fimbo. Nilikuwa na chaki. Nilimsogelea, akainamisha kichwa kwa sababu ya urefu wake, nikamvua ile kamba ya katani shingoni nikaitia mfukoni mwangu pamoja na ufunguo wake usiofungua kitu. Shingo yake ilikuwa na alama nyeupe mahali kamba ilipokaa miaka yote ile. Watoto wakapiga makofi, wakidhani amepewa zawadi, au mimi ndiye niliyepewa.

Aliinama kidogo zaidi.

"Asante, Mwalimu," akasema, kisha akaiendea baiskeli yake, akaipanda mbele ya shule nzima, na akateremka mlima bila breki.